Wali wa Mtaa Mzima Unaingia Kwenye Spika Zangu

Kwa Mheshimiwa Mama Hatakeyama Sumie,
Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wakazi, Mtaa wa Kitahara,
Takasaki.

YAH: KUCHAFULIWA KWA UMEME WANGU WA MUZIKI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Sasa ambapo upepo mkavu umeanza kushuka kutoka milimani, na figili zimeanza kuning'inia kwenye baraza za watu zikikaushwa kwa ajili ya achari, natumai wewe na wote nyumbani hamjambo, na kwamba lile goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nimeambukizwa na majirani.

Kwa faida ya watakaoisoma barua hii miaka ijayo kwenye kumbukumbu za Jumuiya, naomba nijitambulishe. Naitwa Nukaga Yoshimitsu, wa nyumba ya kona yenye nguzo. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani za masokoni. Mizani yoyote ya samaki mkoani humu iliyosema kweli, ilisema kweli kwa sababu mimi niliigongea muhuri. Sisemi haya kwa majivuno. Nasema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kudhania mambo. Nikisema nimesikia kitu, basi kitu hicho kimelia.

Nguzo yenyewe unaijua. Ni ile ya zege iliyosimama katikati ya ua wangu, ndefu kupita paa, yenye transfoma yake juu, ambayo watu wa posta huitumia kuelekezana njia. Niliisimamisha kwa sababu transfoma ya mtaa tunaichangia watu wengi mno, na umeme uliokwisha kupita kwa watu wengi hufika kwangu umechoka. Kutoka kwenye nguzo yangu inashuka laini ya peke yake, na ndani ya nyumba laini hiyo inagawanyika tena: mashine ya santuri ina waya wake na soketi yake, na kila amplifaya ina waya wake na soketi yake, nazo hazijuani. Hakuna taa, hakuna pasi, hakuna hata chaja ya simu iliyowahi kugusa soketi hizo. Chini ya ardhi nimezika fimbo za shaba za eathi, pale ambapo zamani mke wangu Tokie alikuwa akipanda vitunguu majani. Vitunguu na shaba havikai pamoja. Tokie alilikubali hilo, ingawa hakulikubali kwa mdomo.

Na yote hayo niliyafanya kwa ajili ya santuri moja. Ni ya mwanamke aliyeimba mbele ya watu katika ukumbi mdogo, enzi za ujana wetu. Mimi na Tokie tuliisikia mara ya kwanza kwenye mkahawa wa muziki ulio nyuma ya stesheni, ule ambao mwenyewe alipiga marufuku mazungumzo. Ukinong'ona, anakuletea bili. Humo ndimo tulimochumbiana. Tulikaa bega kwa bega, tukasikiliza, tukainuka, kila mtu akaenda kwao. Nilimuoa kabla sijaijua vizuri sauti yake. Lakini kabla ya ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho, mwimbaji yule alivuta pumzi moja ndogo, na mimi nilipoisikia nilijua kwamba nitamuoa huyu aliyekaa kando yangu. Tangu mkahawa ule ufungwe sijaisikia tena pumzi hiyo. Naamini imo kwenye santuri, imefunikwa tu na uchafu wa umeme. Siku nitakapoifukua, Tokie atakuja kukaa karibu nami, na mambo ya nyumbani kwangu yatanyooka.

Baada ya maelezo hayo mafupi, malalamiko yangu ni haya:

1. Wali. Kila ikikaribia jioni, fidla zangu hunata. Mwanzo nilidhani ni sindano, nikabadilisha sindano. Nikabadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikabadilisha hata upande wa kulaza kichwa usiku. Ndipo siku moja nikatoka nje kupooza hasira, nikakutana na harufu ya wali ikitoka kila dirisha, na papo hapo nikaelewa: mtaa mzima umebonyeza masufuria ya umeme kwa pamoja! Ni kweli nina nguzo yangu, lakini ile laini kubwa inayoilisha ni ya wote, na vumbi la wali wenu hupanda huko juu, likavuka barabara, likashuka kwangu.

Nilimwendea Bwana Tadokoro, jirani yangu wa kushoto, ambaye pia ni mkuu wa kikosi cha uokoaji cha mtaa, nikamweleza kwa upole. "Mzee Nukaga," akasema, "yaani wali wangu unakupigia kelele?" Nikamwambia ndiyo, tena katika spika ya kushoto zaidi. "Basi ingia ndani ule. Ukishakuwa tumboni utanyamaza." Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuona cha kuchekesha, na nikaenda zangu, ingawa wali wenyewe ulikuwa unanukia vizuri.

2. Mihuri. Sikutaka ugomvi, nikafuata utaratibu. Niliandika tangazo fupi la heshima, nikiwaomba wakazi wapike wali alfajiri na jioni wale kiporo, nikalibana kwenye ule ubao wetu wa taarifa unaopita nyumba kwa nyumba. Ubao uliporudi ulikuwa na mihuri ya kaya zote, myekundu, mizuri, hakuna hata mmoja uliopinda. Nilifurahi mno. Nikamwonyesha Tokie, nikamwambia, "Unaona? Watu wameelewa." Jioni ile ile fidla zikanata kama kawaida.

Nilipopita kuuliza, kila mlango nilijibiwa jambo lile lile: muhuri maana yake ni "nimeona", si "nimekubali". Mama Mwenyekiti, mimi nimegonga mihuri maisha yangu yote. Nilipoigongea muhuri mizani ya muuza samaki, sikuwa namaanisha kwamba nimeiona mizani. Kila mtu aliyekuwa sokoni alikuwa ameiona mizani. Naomba Jumuiya itoe tamko rasmi kuhusu maana ya muhuri, na tamko hilo lizungushwe kwenye ubao, na kila kaya iligongee muhuri.

3. Saluni. Mbele ya nyumba yangu anaishi Bi Murakoshi Kikuno, mjane, ambaye sebule yake ameigeuza saluni. Sina neno na biashara yake. Neno langu ni ile safu ya draya za kofia. Kichwa kimoja kikikaushwa, piano yangu hupoteza noti za juu. Vikikaushwa vichwa viwili, piano husikika kama inapigwa ndani ya pipa. Siku hizi naweza kukaa chumbani kwangu, bila kuchungulia, nikakuambia ni mama yupi wa mtaa huu ana nywele nyingi na yupi anajidanganya.

Nilikwenda kumwomba awakaushe wateja kwa njia nyingine. "Njia ipi, Mzee?" akaniuliza, chanuo mkononi. "Niwasimamishe uani kwa huu upepo wa Takasaki? Watarudi kwa waume zao kama mafagio!" Wanawake wote waliokuwa chini ya draya wakaangua kicheko, na katikati ya vicheko hivyo nikatambua kimoja ninachokifahamu. Hilo nitalieleza chini, kwenye namba ya tano, kwa maana si jambo la kuchanganya na nywele.

4. Kiti. Hapa kalamu yangu inasita, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu kiongozi wangu. Mama Mwenyekiti, inasemekana nyumbani kwako mmeweka choo cha kisasa, ambacho kiti chake kinajipasha moto mtu anapoketi. Mimi sikuambiwa na mtu. Nilisikia besi ikilegea. Huwa inalegea asubuhi baada ya chai, na inalegea tena baada ya taarifa ya habari, na siku ile ya karamu ya kuaga mwaka ililegea jioni nzima mpaka nikaingiwa na wasiwasi juu ya afya ya familia yako. Sitaandika zaidi, mimi ni mtu wa heshima. Napendekeza tu kifuniko cha sufi, kama alichokuwa nacho marehemu mama yangu, ambaye alikitumia hadi uzee wake bila manung'uniko. Ikishindikana, basi uwe unanipigia simu kabla.

5. Mke wangu. Sasa nafika kwenye lenyewe.

Tangu nguzo isimame, Tokie hashindi tena nyumbani siku za Jumapili. Anashinda kwa Bi Murakoshi. Ni lazima nieleze kwa haki jinsi ilivyoanza. Sauti ya spika zangu hukutana mahali pamoja tu chumbani, na mahali hapo panatosha kiti kimoja. Kiti cha Tokie nilikitoa, kwa sababu mto wake ulikuwa unameza besi. Kisha nikahamishia friji kwenye banda la nje. Kisha nikaing'oa hita ya kotatsu yetu, ile meza fupi ya kupashia miguu joto, maana kila ilipojiwasha na kujizima ilikuwa inapiga kidoko kwenye spika. Ikabaki meza tu na blanketi lake, na miguu yetu chini yake ikitazamana kwa baridi. Tokie akawa anapika amevaa koti. Hakugomba. Alisema tu, "Baba Chizuru, katika nchi hii ya kuchoma wafu, hata maiti hupashwa moto." Chizuru ni binti yetu, ameolewa Sendai, maiti aliyekuwa akimsema sikumfahamu.

Kwa Bi Murakoshi, chumba cha nyuma, kuna kotatsu inayowaka kutwa. Juu ya friji kuna redio ndogo ambayo eriali yake ni hanga ya koti. Friji inanguruma, redio inakoroma, na wanawake wamezamisha miguu chini ya blanketi moja wakimenya machungwa na kuongea juu ya wimbo. Juu ya wimbo, Mama Mwenyekiti! Mwimbaji anajitahidi, na wao wanaulizana bei ya kabichi. Nilisimama nje ya dirisha lile jioni moja, kwa uchunguzi wa kitaalamu, nikamwona Tokie akicheka kwa kichwa kurushwa nyuma, na mashavu yake yalikuwa mekundu kwa joto. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoyaona hivyo. Nilirudi kwangu nikawasha amplifaya, nikakaa, na sikuweka santuri yoyote.

Naomba Jumuiya iamue kwamba kumpasha joto mke wa mtu bila idhini ya mumewe ni kosa.

Nasema hivyo kwa sababu mambo yameharibika kupita hapo. Tokie ametangaza kwamba anakwenda kukaa kwa dada yake Nagaoka mpaka majira ya kuchipua. Nagaoka theluji hufika dirishani. Mke wangu anaikimbia baridi ya nyumba yangu kwenda kwenye theluji. "Huko nje ndiko kuna baridi," aliniambia, "ndani kuna watu." Sanduku lake liko mlangoni tangu juzi. Kila nikipita hapo napunguza mwendo na kunyata, kana kwamba nikilishtua litainuka liende lenyewe. Mama Mwenyekiti, naogopa. Naliandika neno hilo bila kulizungushia maua. Nilisimamisha nguzo ili mimi na yeye tuisikie tena pumzi ile, na sasa yeye anaondoka kabla haijasikika.

6. Ushahidi. Wapo watakaosema kwamba pumzi hiyo haipo, na kwamba mzee amechanganyikiwa na nyaya. Namshukuru Mungu wa kila mlima kwamba ninao ushahidi, na umepatikana kwenye shughuli ya Jumuiya yenyewe.

Unakumbuka yale mazoezi ya tetemeko tuliyofanya baada ya mavuno. Tangazo lilisema: kabla ya kutoka, kila kaya izime swichi kuu, kisha watu wavae helmeti na kukusanyika bustanini. Kaya zote ziligonga muhuri. Kwa kuwa safari hii agizo lilikuwa la tetemeko na si langu, niliamini litafuatwa. Mimi sikutoka. Mtaa mzima usio na umeme, na mimi nina nguzo yangu inayowaka: nafasi kama hiyo mtu haiachi akaenda kusimama bustanini na helmeti. Nikafunga mbao za madirisha, nikaketi, nikajifunika macho kwa taulo kama ilivyo desturi yangu, nikaweka santuri ile upande wa mwisho.

Mwimbaji hakuwa amemaliza wimbo wa kwanza nilipotambua kwamba sijawahi kusikia muziki maishani mwangu. Sauti ilikuwa na joto. Sisemi kwa mafumbo kama waandishi wa majarida ya muziki. Shingo yangu ilipata joto hasa, tena lenye unyevunyevu, kama ya mtu aliyeketi karibu na bafu la maji moto. Ukumbi wote wa siku ile ulikuwa humo chumbani. Nilisikia nyayo nyingi zikitembea kwa vidole. Nilisikia fundi mmoja wa jukwaani akinong'ona, "Taratibu jamani, taratibu, isimwagike. Mzee yumo." Maneno hayo sikuwahi kuyasikia kwenye santuri ile miaka yote, na sijui jukwaani walikuwa wamebeba nini, wala mzee aliyekuwemo alikuwa nani. Sauti ya fundi huyo ilishabihiana ajabu na ya Bwana Tadokoro, jambo linaloonyesha tu jinsi sauti za watu wa kawaida zilivyo nyingi duniani. Chini ya muziki kulikuwa na mlio laini usiokatika, wa kutokota, nao ulikuwa ni wasikilizaji wa ukumbini wakipigapiga makofi kwa ncha za vidole.

Na kulikuwa na harufu. Harufu ya wali, wali mpya, unaokaribia kukauka maji. Mwimbaji yule alizaliwa kwenye familia ya wakulima wa mpunga. Niliwahi kulisoma hilo nyuma ya jalada. Lakini sikujua kwamba umeme ukiwa safi kabisa, santuri inaweza kulifikisha mpaka puani.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho, na kabla ya ubeti wa mwisho pumzi ikavutwa. Mama Mwenyekiti, niliisikia. Haikutoka kwenye spika ya kulia, haikutoka kwenye ya kushoto. Ilitoka nyuma ya bega langu, mahali ambapo hakuna spika, karibu sana, ndogo vile vile, kama miaka ile. Nililia mpaka taulo likalowa, na niliendelea kulia muda mrefu baada ya sindano kufika mwisho. Nilipolitoa taulo chumba kilikuwa kitupu, mlango uko wazi kidogo, na kando ya kiti changu kulikuwa na tonge la wali lililofungwa kwa mwani, bado la moto. Nachukua nafasi hii kuishukuru Jumuiya kwa kuwakumbuka hata wasiohudhuria.

7. Ombi. Kwa kuwa imethibitika kwamba mtaa ukizimwa pumzi inasikika, naomba mazoezi ya tetemeko yasiwe ya mara moja kwa mwaka. Yawe kila Jumapili, mchana. Wakazi wazime swichi kuu zote, wavae helmeti, waende bustanini, wakae huko kwa muda wa upande mmoja wa santuri. Mvua ikinyesha waende na miamvuli. Nao watafaidika. Hapatakuwa na watu walio tayari kwa tetemeko katika visiwa vyetu vyote kama sisi wa Kitahara. Wenye kuhitaji wali wakati huo wanaweza kutumia kuni, kama walivyofanya mababu zetu, ambao hatujasikia kwamba walikufa kwa kukosa draya.

Tukishazoea, tutawaandikia mitaa ya jirani nao wajiunge, na baadaye ndugu zetu wa Maebashi. Treni nazo ni tatizo. Treni ya kasi inapopita, ngoma yangu kubwa hutikisika kama jeli. Lakini suala la treni nitaliandikia barua yake, nisikuchoshe.

Jambo moja dogo la kumalizia. Naomba Jumuiya, kwa barua yenye muhuri wa maana, imteue Nukaga Tokie kuwa mlinzi wa mzee asiyeweza kutoka nyumbani wakati wa mazoezi. Mzee huyo ni mimi. Wadhifa huo utamlazimu akae nami chumbani kila Jumapili, na huwezi kuwa mlinzi wa mtu wa Takasaki ukiwa Nagaoka. Nimeshamtafutia stuli. Nimeiweka kando ya kiti changu, na juu yake nimeweka mto. Ndiyo, mto. Niko tayari kupoteza besi kiasi.

Nikitegemea busara yako, naomba unisalimie mume wako, wajumbe wote wa kamati, mama wa duka la tofu, Bi Murakoshi na vichwa vyote vilivyo chini ya uangalizi wake, na kikosi chote cha uokoaji isipokuwa mkuu wake, ambaye salamu zake nimezizuia mpaka aniombe radhi kuhusu kicheko.

Nabaki mkazi wako mtiifu, katika kutafuta utulivu,

Nukaga Yoshimitsu
(muhuri wangu uko hapa chini, maana yake nimekubali)

Tanbihi: Barua hii nilimpa Tokie aniandikie anwani kwenye bahasha, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Akaisoma. Alianza kuisoma amesimama, alipofika namba ya sita akakalia sanduku lake, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya skafu. Kisha akanieleza mambo ambayo wewe, Mama Mwenyekiti, ulikuwa unayajua siku zote, na sijui ulipanga kuyaficha hadi lini.

Kwamba siku ile hakuna aliyezima chochote, maana kulikuwa na wali wa mazoezi wa kulisha watu bustanini. Kwamba masufuria yote ya mtaa yalichomekwa kwenye ukumbi wa Jumuiya kwa wakati mmoja, swichi ya ukumbi ikaruka, na wali ulikuwa umeiva nusu. Kwamba wewe mwenyewe ulisema, "Kwa Mzee Nukaga kuna umeme wa kulisha kiwanda, twendeni," na kwamba wewe ndiye uliyeshika mlango wakati Bwana Tadokoro na wenzake wakiyaingiza masufuria kwa kunyata na kuyachomeka kwenye soketi zangu, nyuma ya kiti changu. Kwenye soketi zangu, ambazo hazijawahi kuguswa hata na chaja ya simu!

Nikamuuliza Tokie nani alibaki kuyaangalia. "Mimi," akasema. "Nilikaa sakafuni nyuma yako mpaka wali ukaiva. Nilitaka kukugusa bega, nikaona unalia, nikasema ngoja nimwache mtu na wimbo wake."

"Basi na wewe umeisikia," nikamwambia. "Umeisikia pumzi yake."

Akanitazama. "Baba Chizuru, kwenye santuri ile hakuna pumzi. Pale ni mimi ndiye huvuta pumzi. Hata kule mkahawani nilikuwa mimi. Wimbo ule ukifika pale, huwa nashindwa kujizuia."

Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi, na sijagusa swichi yoyote.

Kwa hiyo, Mama Mwenyekiti, malalamiko yote ya hapo juu nayafuta, na lile la namba ya nne naomba tusilitaje tena sisi wawili maisha yetu yote. Ombi la kila Jumapili nalibakiza, ila kwa marekebisho: watu wasizime kitu, na masufuria ya wali yaletwe kwangu. Hita nimeirudisha mahali pake. Tokie amesema Nagaoka inaweza kungoja, na kwamba kuyaangalia masufuria ataendelea kuyaangalia yeye, lakini mpaka wali uive tu, si zaidi, kwa sababu ana shughuli zake kwa Bi Murakoshi.

Naomba, ikiwezekana, wakazi walete mchele wa kahawia. Unachelewa kuiva.